Kunde za Chumba Namba Kumi na Tano

Mimi sijui kushukuru kwa upole. Nikimshukuru mtu nitamgombeza kwanza, ndivyo nilivyo, na walionizoea wamenizoea. Kwa hiyo ukinisikia nawasema watu wa kituo chetu, ujue nawapenda. Ujue pia kwamba chakula chao kilikuwa kibaya.

Kituo chenyewe ni gesti ya zamani kando ya barabara ya Figueroa, kusini mwa Los Angeles. Ina ghorofa mbili zinazozunguka uwanja wa magari, na katikati kuna bwawa la kuogelea lililofukiwa udongo. Jiji lilikodi gesti nzima, likaweka geti na mlinzi, likatuingiza sisi tuliokuwa tunalala kwenye mahema na kwenye magari. Unakaa pale huku unatafutiwa nyumba ya kudumu. Unapewa kitanda, bafu, ufunguo, na mtu wa ustawi wa kushughulika na mambo yako. Mimi nilipewa chumba namba kumi na nne. Siku ya kwanza nilifunga mlango, nikafungua, nikafunga tena, nikafungua, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kitasa ni kibovu. Kitasa kilikuwa kizima. Nilikuwa nimelala miaka miwili ndani ya gari, tangu mume wangu afariki na kodi ipandishwe, gari lenye milango minne na hakuna hata mmoja unaofunga sawasawa. Sasa nina mlango mmoja, na unafunga. Niliketi kitandani nikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Mtu wangu wa ustawi anaitwa Yesenia, binti wa wazazi waliotoka El Salvador, mdogo kuliko viatu vyangu vya kanisani. Huyo binti alinitafutia kitambulisho kilichopotea, akanipeleka kliniki ya presha, akanipigania mpaka nikapata meno ya chini. Mwezi wa kumi na mbili akaja mbio kuniambia nyumba imepatikana Inglewood, chumba kimoja na jiko, naingia katikati ya Januari. Nikamwambia, "Kwa nini ulichelewa hivyo?" Akacheka, maana alishanijua.

Sasa chakula. Pale kinakuja kwenye maboksi, mara mbili kwa siku, na kuku wa kwenye maboksi yale sijui alimkosea nani. Kupika vyumbani ni marufuku kabisa, kwa sababu kituo kingine kiliwahi kuungua. Ukikutwa unapika unapewa barua ya onyo, na onyo la tatu ni kutoka. Ukitoka kituoni kabla hujaingia kwenye nyumba, na nyumba yenyewe inapewa mwingine. Mimi nilikuwa na maonyo mawili. La kwanza ni la kibaniko cha mkate. La pili nilikutwa nakaanga mkate na jibini kwa pasi, na mpaka leo nasema ile haikuwa kupika, ile ilikuwa kupiga pasi.

Jirani yangu wa chumba namba kumi na tano ndiye mwenye hadithi hii. Jina lake Thurman Gaddis, mzee mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na yote ya kuudhi. Tulijuana mtaani. Nilipokuwa naegesha gari langu nyuma ya dobi, hema lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya daraja. Kila gari la kuvuta magari likionekana, alikuwa wa kwanza kunigongea kioo. "Amka, Bi Verdell, wanakuja kukuchukua na kitanda chako." Bila yeye ningepoteza gari mara ngapi sijui. Kwa hiyo nilipopata chumba, nilimsumbua Yesenia asubuhi na jioni mpaka naye akapatiwa. Alikuja na mkokoteni wake wa dukani, umefungwa kamba juu hadi chini, akauegesha ndani kando ya kitanda. Hakuufungua.

Na hakusaini. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Ukiingia kituoni unaruhusiwa kukaa kama mgeni wiki tatu tu. Ndani ya hizo wiki tatu usaini mkataba wa mkazi. Usiposaini, chumba anapewa mwingine, na nje ya geti wapo wengi wanaokisubiri. Wiki tatu za Thurman zilikuwa zinaisha tarehe moja Januari, saa sita mchana.

Kila siku nilimkuta amekaa kwenye ngazi.

"Mzee, umeshasaini?"

"Nisaini nini?"

"Usinichezee. Karatasi ya Yesenia."

"Mkono unaniuma."

"Jana ulisema macho."

"Macho yamepona. Ugonjwa umeshuka."

Yesenia alimsomea ile karatasi mara tatu. Ni karatasi ya kawaida kabisa, mimi ni mkazi, nitafuata kanuni, basi. Thurman alisikiliza kwa adabu, akasema ahsante, binti, akarudisha kalamu. Mimi ndiye niliyejua sababu. Mama yake alimwachia nyumba mtaa wa Watts, nyumba ya mbao yenye baraza. Siku moja alikuja kijana kanyoa vizuri, anamwita baba, akamwambia kuna mpango wa kumrekebishia paa. "Nikasaini kila alipotia alama," Thurman aliniambia. "Paa halijarekebishwa mpaka leo, na baraza langu wanakalia watu wengine." Tangu siku hiyo aliapa kalamu haitagusa mkono wake kwa karatasi ya mtu yeyote. Ukimlazimisha anasimama anaondoka, na mtu aliyepoteza nyumba kwa kusaini utamwambia nini? Mimi nilimwambia mengi, kwa sauti kubwa, na hayakusaidia.

Siku ya mwisho ya mwaka nilimkuta anakaza kamba za mkokoteni.

"Kesho saa sita narudi darajani," akasema. "Pale nilipaacha bado papo."

"Utaondoka bila kula kunde?"

Akanitazama. Mama yake alikuwa mtu wa Louisiana, na bibi yangu wa Mississippi. Kwetu mwaka haufunguliwi bila kunde na sukuma wiki, hata kama umefungwa jela utaomba mtu akuletee. Kunde ni heri, mboga ni riziki, na asiyekula asije kulalamika mwezi wa sita.

"Kunde zitoke wapi hapa?" akasema. "Kesho watatupa kuku yule yule. Amenizoea sasa, ananisalimia."

Nilirudi chumbani kwangu nikiwa nimeshaamua. Sikuwa na tumaini kwamba atasaini, nilikuwa nimeshakata tamaa na hilo. Lakini mtu aliyenilinda miaka miwili hawezi kuondoka siku ya mwaka mpya na boksi mkononi. Nikaenda dukani, nikanunua kunde, mafungu mawili ya sukuma, vitunguu, siki, na shingo za bata mzinga zilizokaushwa kwa moshi. Kunde nikazilowesha kwenye ile ndoo ya barafu iliyobaki tangu enzi za gesti. Chungu nilikuwa nacho, chungu cha umeme kile kinachopika taratibu. Nilikificha kwenye buti la gari chini ya mablanketi, tangu lile onyo la kwanza.

Swali lilikuwa kitapikiwa wapi. Chumbani kwangu hapana, maana kwa maonyo yangu mawili nilikuwa nakaguliwa kila asubuhi. Hapo ndipo nilipojiona nina akili kuliko kanuni. Onyo anaandikiwa mkazi wa chumba. Thurman hajasaini, kwa hiyo si mkazi. Chumba chake hakina mkazi. Sasa hilo onyo wataliandikia kitanda?

Asubuhi ya mwaka mpya, wakaguzi walipokwisha kupita, niligonga kumi na tano na chungu nimekizungushia taulo.

"Heri ya mwaka mpya. Nipishe."

"Nini hicho?"

"Nguo chafu. Nipishe, kinanichoma."

Nilimweleza mpango wangu wakati nachomeka waya bafuni. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Bi Verdell, ungekuwa wakili, wateja wako wote wangenyongwa."

"Wewe unaondoka saa sita, yanakuhusu nini?"

"Kweli," akasema. "Hayanihusu." Akaketi kitandani, lakini niliona pua yake inafanya kazi.

Nilifunga mlango wa bafu, nikaweka taulo bichi chini yake, nikawasha feni ya juu ili ivute harufu itoke nje. Nilijipongeza sana kwa hiyo feni. Nilichokuwa sijui ni kwamba gesti ile ilijengwa kwa ubahili, na mabafu yote ya upande wetu yanatumia bomba moja la hewa. Feni yangu haikutoa harufu nje. Ilikuwa inaigawa chumba kwa chumba, juu na chini. Mtu anapiga mswaki huko ghorofani, anasikia kitunguu, bata mzinga na sukuma inachemka. Kufika saa nne, milango imeanza kufunguka mmoja mmoja. Mama mmoja wa juu, ambaye hakuwahi hata kunisalimia, alishuka amevaa kanga ya kuogea na bakuli mkononi. Akasimama mlangoni kwa Thurman.

"Sisemi kitu," akasema. "Nimesimama tu."

Nyuma yake walikuja wengine, na kila mmoja alikuwa amesimama tu. Ndani, Thurman alikuwa ameshainua mfuniko na kuonja mchuzi kwa kijiko. Alifumba macho, na alipofumbua yalikuwa mekundu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nani alikufundisha kutia siki mwishoni?"

"Bibi."

"Mama naye alitia mwishoni."

Ningetamani siku ile iishie hapo. Lakini palipo na foleni pana msimamizi, na wetu ni Bwana Hovsepian, mtu mnene mpole mwenye funguo nyingi kiunoni. Roho mbaya hana. Ana kanuni. Aliwapita wale waliosimama tu, akaingia, akaenda moja kwa moja bafuni, akatoka amekishika kile chungu kwa taulo langu mwenyewe. Nyuma yake akaingia Yesenia. Siku ya sikukuu, amevaa nguo za kwenda kwa mama yake, na ile karatasi ya Thurman mkononi. Alikuwa amekuja kujaribu mara ya mwisho. Alipoona chungu, akaniangalia mimi, na uso wake ukasawijika.

"Cha nani?" akauliza Bwana Hovsepian.

"Changu," nikasema.

Akaweka chungu sakafuni, akajifuta paji la uso. "Bi Verdell, kwa nini lakini? Umebakiza wiki mbili."

Nikamtolea sheria yangu, chumba hakina mkazi, kosa halina mwenyewe. Nilisema vizuri, na mama wa bakuli akaitikia kule mlangoni. Bwana Hovsepian akanisikiliza kwa huzuni.

"Hujasoma mstari wa pili," akasema. "Chombo kikikutwa chumbani, onyo ni la mkazi wa chumba. Chumba kikiwa hakina mkazi, onyo ni la aliyekutwa nacho."

Kuna hofu unaijua kwa jina, na yangu mimi ni kiti cha mbele cha gari langu, kilivyo baridi saa kumi na moja alfajiri. Nilikiona pale pale. Nikaona na jiko langu la Inglewood, ambalo sikuwa nimeliona hata kwa picha, linakwenda kwa mtu mwingine.

"Bwana Hovsepian, leo ni mwaka mpya," Yesenia akasema. "Tafadhali. Alikuwa anampikia jirani."

"Yesenia, mwezi uliopita nimewatoa wawili kwa kosa hili hili. Mmoja ana mguu mbovu. Nikimwacha huyu, yule nitamwambia nini?"

Haki ya Mungu, alikuwa anasema kweli. Nikaanza kukunja waya wa chungu ili mikono ipate kazi.

"Chumba kikiwa na mkazi?" Ni Thurman. Alikuwa bado amekaa kitandani, kijiko mkononi.

"Nini?"

"Nauliza. Chumba hiki kikiwa na mkazi, onyo ni la nani?"

"La mkazi," akasema Bwana Hovsepian.

"Hata kama aliyepika ni mwanamke mbishi kutoka chumba kingine?"

"Hata hivyo. Mkazi anawajibika kwa chumba chake."

"Na kama huyo mkazi hana onyo lingine?"

"Linakuwa la kwanza. Anapewa barua, na Alhamisi anakwenda darasa la kujikinga na moto."

Thurman akaweka kijiko chini. "Saa ngapi sasa?"

"Saa tano na nusu," akasema Yesenia, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Basi lete hiyo karatasi, binti."

Mimi ndiye niliyeruka. "Thurman, hapana. Uliapa. Usije kusaini kwa sababu ya kunde zangu, halafu uninung'unikie maisha yako yote."

"Wewe kaa kimya, angalia chungu."

"Chungu kimezimwa."

"Basi kaa kimya tu."

Yesenia alipiga magoti kando ya kitanda akamsomea tena, mara ya nne, neno kwa neno. Thurman alifuata kwa kidole. Mahali fulani akamsimamisha.

"Humu hamna nyumba ya mtu?"

"Hamna, Mzee."

"Hamna paa?"

"Hamna paa. Ni wewe na chumba hiki, mpaka tukupatie chako."

Alishika kalamu muda mrefu. Safari hii hakuna aliyemtania. Wale wa mlangoni waliacha kuchungulia, wakatazama uwanjani, kama watu wanaompa mtu nafasi ya kuvaa. Mimi nilitaka kumnyang'anya ile kalamu na nilitaka aandike, vyote viwili kwa pamoja, na nilikuwa nimeshikilia waya wa chungu kifuani. Akaandika. Herufi kubwa, moja moja, jina lote na la baba yake.

Bwana Hovsepian akasafisha koo. "Lakini chungu nimekikuta kabla hajasaini."

Halafu huyo huyo Bwana Hovsepian akavaa miwani, akaichukua ile karatasi, akasoma mstari wa chini kwa sauti, taratibu sana, kama mtu anayetafuta kitu ambacho ameshakiona. "Mkataba huu unahesabika tangu siku mkazi alipoingia chumbani." Akavua miwani. "Basi," akasema. "Amekuwa mkazi wiki tatu zote." Na akapumua kwa nguvu, nikajua kwamba naye alikuwa amebana pumzi. Mungu ambariki, na kanuni zake zote.

Chungu alikichukua. Hilo halikuwa na mjadala. Lakini alisema kanuni inataja chombo, haitaji kilichomo, kwa hiyo kimwagwe kwanza. Tukakimwaga kwenye mabakuli ya watu. Yesenia alikula amesimama, na nguo zake za kwa mama. Bwana Hovsepian naye alikula, akaomba tena, akauliza siki inatiwa lini. Niliwashukuru mmoja mmoja, na wengine niliwagombeza kidogo. Nilipofika kwa Thurman sikumgombeza. Mtu yule alikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya, kile kiapo chake, na alikitoa ili mimi nipate jiko. Nilimshika mkono ule uliosaini, nikaubusu. Akaniambia niache ushamba, nimwongezee mboga.

Kabla ya saa sita Bwana Hovsepian alirudi na barua ya onyo, imechapwa, ina mhuri. Thurman akaisoma akiwa dirishani. Akaisoma tena. Nilidhani amekasirika.

"Soma hapa," akaniambia, akaniwekea kidole.

Nikasoma. *Kwa Bwana Thurman Gaddis, mkazi wa chumba namba kumi na tano.*

"Barua ya mwisho iliyoandikwa jina langu na mahali ninapokaa," akasema, "ilikuwa ya kunitoa."

"Hiyo ni nakala ya ofisi," Bwana Hovsepian akamwambia. "Yako nitakuletea baadaye."

"Ya ofisi andika nyingine. Hii inakaa hapa." Akamgeukia Yesenia. "Binti, una gundi ya karatasi?"

Yesenia akatafuta kwenye mkoba wake, akampa utepe wa gundi. Thurman akaibandika ile barua ukutani, juu ya kitanda. Akarudi nyuma hatua chache kuangalia kama imenyooka. Halafu akainama penye mkokoteni wake, akaanza kufungua kamba.